Namna ya Kuandaa Maadhimisho ya Mwaka ya Kundi la Wapenzi wa Hali ya Hewa

Makundi ya watu wanaofuatilia hali ya hewa kwa mapenzi yao wenyewe, wengi wao wakiwa wakulima, walimu, wavuvi, wanafunzi na wastaafu wanaounganishwa na simu tu, yamezoea kusherehekea kutimiza mwaka kwa keki, fulana na salamu za pongezi. Hakuna ubaya katika hayo. Hata hivyo kundi la namna hii lina mali ambayo makundi mengine hayana, nayo ni vipimo vya mwaka mzima, vilivyochukuliwa asubuhi baada ya asubuhi na mtu aliyeacha shughuli zake akaenda uani kusoma kipima mvua. Vipimo hivyo vikiachwa vimetawanyika ndani ya maelfu ya ujumbe, katikati ya salamu za sikukuu na matangazo ya misiba, baada ya miaka miwili hakuna atakayevipata. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashauri kwamba siku ya maadhimisho iwe kwanza siku ya kukusanya, kuhakiki, kusoma hadharani na kuhifadhi rekodi ya kundi, na shamrashamra zote zijengwe juu ya kazi hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya makundi ya Afrika Mashariki, na maandalizi yake yaanze miezi miwili kabla.

Hatua ya kwanza: tarehe

Tafuteni kwanza tarehe ya kweli, kisha tarehe inayofaa, kwa kuwa huenda zisiwe moja. Kwa kundi la WhatsApp, siku ya kuundwa imeandikwa katika maelezo ya kundi. Lakini ikiwa kundi lilihama kutoka mahali pengine, au ikiwa mlizungumza kwa miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kuanza kupima, ni bora mhesabu kuanzia siku ya kipimo cha kwanza kilichoandikwa. CoCoRaHS, mtandao wa Marekani wa watu wa kujitolea wanaopima mvua, theluji na mvua ya mawe, huhesabu umri wake tangu Juni 1998, vipimo vyake vilipoanza. Chanzo chake kilikuwa mafuriko ya Fort Collins, Colorado, ya tarehe 28 Julai 1997, yaliyoua watu watano. Upande mmoja wa mji ulipata mvua ya zaidi ya milimita 300 kwa saa chache, ilhali sehemu nyingine za mji uleule zilipata mvua ya kawaida tu, na vituo vichache vilivyokuwapo havikutosha kuionyesha tofauti hiyo. Kila kundi na liandike aya moja ya namna hiyo juu ya sababu ya kuanzishwa kwake, na aya hiyo isomwe mwanzoni mwa maadhimisho, maana wanachama waliojiunga baadaye mara nyingi hawaijui.

Tarehe inayofaa hutegemea misimu. Katika maeneo ya pwani na kaskazini yenye misimu miwili, masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Mbeya, Songea na kwingineko kwenye mvua za msimu mmoja, mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Kundi lililozaliwa Aprili lisilazimishe wanachama kusafiri katikati ya masika, wakati barabara za vumbi zimegeuka matope na wakulima wako shambani. Siku yenyewe iadhimishwe mtandaoni kwa kikao kifupi, na mkutano wa ana kwa ana usogezwe hadi kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, ambapo anga imetulia na mazao ya masika yanaanza kuingia. Watu wa pwani walilifahamu jambo hili tangu zamani. Mwaka wa Nairuzi, ambao hadi leo Makunduchi huko Unguja huufungua kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa, ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo manahodha na wakulima walijua wakati wa kusafiri na wakati wa kupanda.

Ikiwa tarehe yenu inakaribia mwisho wa Machi, iunganisheni na tarehe 23 Machi, ambayo ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Siku hiyo hukumbuka kuanza kutumika kwa mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 1950, na huadhimishwa pia na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, pamoja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wataalamu wa mamlaka hizo huwa wamejiandaa kupokea wananchi wakati huo, na hilo litawapunguzia kazi.

Hatua ya pili: kamati na fedha

Watu wanne wanatosha: mwenyekiti, mtunza rekodi, mweka hazina na mtu wa mawasiliano. Mtunza rekodi asipewe kazi nyingine yoyote, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba mzigo mkubwa kuliko wote.

Michango ikusanywe kwa namba moja ya simu iliyotangazwa kundini, na mweka hazina aweke orodha ya waliochangia bila kuonyesha kiasi cha kila mmoja, ili mwanafunzi aliyetoa kidogo asione haya. Katika matumizi, vifaa vya kupimia vitangulie fulana. Kipima mvua kimoja cha plastiki kwa mwanachama anayesomea kopo lililopasuka kina thamani kubwa kwa kundi kuliko bango lenye nembo.

Hatua ya tatu: kukusanya na kuhakiki vipimo

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ipewe mwezi mzima. Mtunza rekodi amtake kila mwanachama apige picha kurasa za daftari lake, mwezi kwa mwezi, na kuzituma moja kwa moja kwake badala ya kuzituma kundini. Picha ya daftari ina faida ambayo orodha iliyochapwa upya haina, kwani huonyesha maandishi ya siku ileile, ikiwa ni pamoja na yale yaliyokatwa na maelezo yaliyobanwa pembeni. Baada ya hapo vipimo viingizwe katika jedwali moja la kompyuta lenye safu mlalo moja kwa kila siku na safu wima moja kwa kila kituo.

Jambo la kwanza la kuhakiki ni saa ya kusoma. Katika vituo vya Afrika Mashariki mvua ya siku husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni saa 06:00 kwa saa za kimataifa, na kipimo hicho hujumuisha mvua yote iliyonyesha tangu saa tatu ya asubuhi iliyotangulia. Hapo ndipo hutokea mkanganyiko wa tarehe. Mvua kubwa iliyonyesha usiku wa Jumatatu na kusomwa Jumanne asubuhi, mmoja huiandika Jumatatu kwa kuwa ndipo iliponyesha, na mwenzake huiandika Jumanne kwa kuwa ndipo alipoisoma. Wote wawili wana sababu, lakini jedwali litaonyesha dhoruba mbili mahali ambapo palikuwa na moja. Chagueni kanuni moja, iandikeni juu ya jedwali, na mumuulize kila mwanachama alitumia ipi kabla ya kuhamisha namba zake.

La pili ni tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri ina maana kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta kipimo kikavu. Nafasi tupu ina maana kwamba hakuna aliyetazama. Mtu anayejaza jedwali kwa haraka hushawishika kuzigeuza nafasi tupu zote kuwa sifuri ili jedwali lipendeze, na kwa kufanya hivyo huzalisha ukame ambao haukuwapo. Kwa siku zisizosomwa wekeni kistari. Kwa manyunyu yaliyolowesha kipimo bila kufikia mstari wa kwanza wekeni alama maalumu mliyokubaliana. Na ikiwa mwanachama alisafiri siku nne akarudi na kukuta milimita 38, namba hiyo iandikwe kuwa ni jumla ya siku nne; isigawanywe kwa nne, wala isihesabiwe kuwa mvua ya siku moja.

La tatu ni namba zisizolingana na majirani. Tuseme mwanachama wa Muheza aliandika 45.0 siku ambayo wenzake wawili wa jirani waliandika 4.2 na 5.0. Inawezekana kwamba nukta iliruka, na inawezekana pia kwamba wingu moja lilimwaga maji yake yote juu ya shamba lake, kwani mvua za radi hufanya hivyo mara kwa mara. Mtunza rekodi asiamue peke yake. Atazame picha ya daftari, ampigie simu mhusika kwa heshima, amuulize anakumbuka nini kuhusu siku hiyo, na ikiwa jibu halipatikani, namba ibaki kama ilivyo ikiwa na alama ya shaka. Kurekebisha kimyakimya ni kosa kubwa kuliko kuacha namba yenye mashaka, kwa sababu namba iliyorekebishwa haiwezi tena kuchunguzwa na mtu mwingine.

La nne ni vifaa vyenyewe. Vipima mvua vingine vinavyouzwa madukani vina mistari ya inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Vituo vya kielektroniki vinavyohesabu mvua kwa kikombe kidogo kinachopinduka huelekea kupunguza kipimo mvua inapokuwa kali sana, kwa kuwa maji huendelea kumiminika wakati kikombe kinapinduka. Hakuna haja ya kuviondoa katika rekodi. Inatosha kuandika aina ya kifaa kando ya jina la kituo.

Hatua ya nne: muhtasari wa mwaka

Kutokana na jedwali lililohakikiwa, andaeni ukurasa mmoja kwa kila kituo na ukurasa mmoja kwa kundi zima. Ukurasa wa kituo uonyeshe jumla ya mvua ya mwaka, idadi ya siku zilizofikisha milimita 1 au zaidi, siku iliyonyesha kuliko zote, kipindi kirefu kuliko vyote bila mvua wakati wa msimu wa mvua, na siku ambazo hazikusomwa. Idadi hii ya mwisho isifichwe, kwani ndiyo inayomwezesha msomaji kujua aiamini jumla kwa kiasi gani.

Jumla za kila mwezi hazitoshi. Gawanyeni kila mwezi katika mafungu matatu, tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho wa mwezi, kama inavyofanyika katika taarifa za hali ya hewa kwa kilimo. Mwezi uliopata milimita 120 unaweza kuwa ulizipata zote katika fungu la kwanza na kuyaacha mahindi yakinyauka siku ishirini zilizofuata, na mkulima anayesoma jumla ya mwezi peke yake hataelewa kwa nini shamba lilimwangusha.

Mkitaka kulinganisha mwaka wenu na hali ya kawaida, tumieni wastani wa muda mrefu wa kituo rasmi kilicho karibu, ambao kwa sasa huhesabiwa kwa kipindi cha miaka 30 cha 1991 hadi 2020, na mtaje jina la kituo hicho. Kundi lenye umri wa miaka mitatu halina wastani wake, wala halina msingi wa kutangaza kwamba tabianchi ya wilaya imebadilika. Linaloweza kusema ni kwamba mwaka huu ulikuwa mkavu kuliko uliopita katika vituo kadhaa, na kauli hiyo ikiwa na vipimo nyuma yake ni ya thamani ya kutosha.

Hatua ya tano: tukio moja la mwaka

Jedwali haliwezi kusomwa lote mbele ya watu. Chagueni tukio moja ambalo wanachama wengi walilishuhudia na mlisimulie kwa vipimo na maelezo ya watu waliokuwa mahali mbalimbali. Kundi la pwani ya kusini lililokuwapo Mei 2024, kwa mfano, linaweza kukipanga upya Kimbunga Hidaya saa kwa saa: nani aliuona upepo ukigeuka, nani aliandika mvua kiasi gani, bahari ilifika wapi wakati maji yamejaa, na mawasiliano yalikatika lini. Kundi la Manyara au la Bonde la Ufa lina mambo ya kusema kuhusu vuli ya mwaka 2023, ambayo mvua zake zilisindikizwa na El Niño.

Katika hatua hii wazee ni hazina. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na miaka 80 kabla yake, Aprili 1872, kimbunga kingine kilikuwa kimeivunja Zanzibar na kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Vijana wengi hukua wakiambiwa kwamba vimbunga haviji kwetu. Mzee aliyesimuliwa na wazazi wake habari za Lindi apewe dakika kumi za kuzungumza bila kukatizwa, na maneno yake yarekodiwe kwa ruhusa yake.

Picha za mawingu, radi na mafuriko zikusanywe wakati huohuo, na kila picha iandikiwe mahali, tarehe, saa na upande ambao mpiga picha alielekea. Picha zenye maelezo hayo hufika mbali. Wanachama wa Cloud Appreciation Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 2005, walikusanya picha za wingu lenye mawimbi ya vurugu upande wake wa chini, wakalitetea kwa miaka, na mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaliingiza katika orodha yake rasmi ya mawingu kwa jina la asperitas.

Hatua ya sita: kumwalika mtaalamu

Barua ipelekwe angalau wiki sita kabla, kwa ofisi ya TMA ya kanda kwa walio Tanzania, au kwa mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti kwa walio Kenya. Mialiko mingi huomba "mgeni rasmi", naye hupewa hotuba ya ufunguzi kisha huondoka. Ombeni kazi mahususi. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Yah: Ombi la mtaalamu wa kukagua vipima mvua vya kundi letu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wakazi 34 wa wilaya hii tunaopima mvua kila siku saa tatu asubuhi kwa hiari yetu. Siku ya Jumamosi, tarehe ........, tutaadhimisha mwaka wa tatu wa kazi hiyo. Tunaomba ofisi yako itupatie mtaalamu mmoja, kwa muda wa saa mbili, akague vifaa tutakavyovileta, atueleze makosa ya usomaji anayoyaona katika rekodi zetu, nakala yake tumeiambatisha, na atushauri iwapo vituo vyetu vinapaswa kusajiliwa. Usafiri wa ndani ya wilaya tutaugharimia sisi."

Wanahabari wakija, na huja wanaposikia neno hali ya hewa, watauliza kama masika ijayo itakuwa nzuri. Msemaji wa kundi awaelekeze kwa mtaalamu au kwenye utabiri wa msimu uliotangazwa rasmi. Utabiri na tahadhari kwa umma ni kazi ya mamlaka. Kundi hujivunia vipimo vyake, na siku ambayo mtu atasambaza utabiri wa kubuni kwa jina la kundi, vipimo vya miaka yote vitapoteza heshima.

Hatua ya saba: kikao cha mtandaoni

Wanachama wa mbali wapewe kikao chao, tena kabla ya mkutano wa ana kwa ana, ili muhtasari uwafikie wote kwa wakati mmoja. Tangazo liandike saa kwa namna mbili, kwa mfano "saa mbili usiku, yaani 20:00 ya Afrika Mashariki", kwa maana mtoto wa Mtanzania aliyekulia Ulaya anaweza kuielewa saa mbili kuwa 02:00. Saa 20:00 ya Dar es Salaam na Nairobi ni 21:00 Muscat, ni 19:00 Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na mwezi wa Julai ni 18:00 London na 13:00 Toronto.

Kikao kisizidi saa moja na nusu, na kiendeshwe kwa sauti zaidi kuliko video, kwa sababu bando la mwanachama wa kijijini huisha upesi. Kurasa za muhtasari zitumwe siku moja kabla zikiwa picha ndogo zinazofunguka kwa simu yoyote. Mwenye mtandao dhaifu atume ujumbe wa sauti mapema, nao uchezwe kikaoni kama mchango kamili.

Hatua ya nane: mkutano wa ana kwa ana

Mahali pafaapo kuliko ukumbi ni shule au shamba la mwanachama lenye kipima mvua kilichowekwa vizuri. Watu wafike saa mbili na nusu, na saa tatu kamili wote wasimame kuzunguka kipimo hicho, msomaji wake akichuchumaa ili jicho lake lilingane na uso wa maji, kwani anayesoma akiwa amesimama huona namba isiyo sahihi. Uso wa maji ndani ya bomba jembamba huinuka kidogo kandokando. Kinachosomwa ni sehemu ya chini ya mkunjo huo, katikati. Hata kama ni Julai na kipimo ni kikavu, sifuri itangazwe na kuandikwa mbele ya wote.

Baada ya hapo ifuate kliniki ya vifaa, ambayo mtaalamu ataisimamia. Kila mwanachama aje na kipimo chake kama kilivyo, bila kukisafisha, ili utando wa buibui kwenye koni na ukijani uliofunika mistari viweze kuonekana. Kipima mvua kilichozoeleka katika vituo vyetu kina mdomo wenye kipenyo cha milimita 127, kwa hiyo milimita moja ya mvua ni karibu mililita 12.7 za maji. Pimeni mililita 127 kwa chombo cha maabara, mzimimine polepole ndani ya kifaa, na kifaa kisome milimita 10. Kikisoma 9 au 11, tofauti hiyo iandikwe katika rekodi ya kituo hicho. Kipimo chenye mdomo wa ukubwa mwingine kipewe maji kulingana na eneo la mdomo wake, kwa kukumbuka kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba.

Watoto wapewe meza yao ya kutengeneza vipima mvua kwa chupa. Chupa ya plastiki hukatwa pale inapoanza kuwa nyembamba, sehemu ya juu hugeuzwa na kuwa koni, na chini hujazwa kokoto na maji hadi pale pande za chupa zinapoanza kunyooka, ambapo mstari wa sifuri huchorwa. Mdomo ukiwa na kipenyo cha sentimita 10, bomba la sindano lisilo na sindano, linalouzwa duka la dawa, litawasaidia kuongeza mililita 7.85 kwa kila milimita na kuchora mistari. Wafundishwe papo hapo mahali pa kukiweka: mbali na kizuizi kwa angalau mara mbili ya urefu wake, kwa hiyo mwembe wa mita 8 uachiwe mita 16.

Mchana, baada ya pilau, napendekeza saa mbili za kunakili daftari za zamani. Mashamba ya mkonge na ya chai, misheni na shule kongwe za kwetu yalipima mvua kwa miongo mingi, na karatasi zake nyingi zinaliwa na mchwa katika stoo. Mwaka 2020 watu wa kujitolea wapatao 16,000 nchini Uingereza, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Reading, walinakili kwa siku 16 tu karatasi 66,000 za vipimo vya mvua vilivyoandikwa kwa mkono, karatasi nyingine zikiwa na namba za karne ya kumi na saba. Kundi la watu 30 lenye simu zenye kamera linaweza kumaliza daftari za shamba moja kwa mchana mmoja, mradi limepata ruhusa ya mwenye mali na kila ukurasa unasomwa na watu wawili wasiotazamiana majibu.

Kodisheni turubai hata kama msimu ni wa kiangazi. Radi ikisikika, kila mtu aingie ndani ya jengo au gari na asirudi uwanjani mpaka zitimie dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho; kundi la wapenzi wa hali ya hewa ndilo linalopaswa kuwa mfano katika hilo.

Hatua ya tisa: kuwatambua wanachama

Msitoe zawadi kwa aliyepata mvua nyingi kuliko wote, maana mvua hakuileta yeye. Cheti cha kwanza kiende kwa mwenye siku chache kuliko wote ambazo hazikusomwa. Mtu huyo mara nyingi ni mkimya kundini, ni mama anayetuma "Leo 0.0" tangu Juni hadi Septemba bila kujibiwa na yeyote, na bila yeye hakuna ambaye angeweza kusema kiangazi kilidumu siku ngapi. Cheti kiandike jina la kituo chake, miaka aliyopima na idadi ya vipimo. Wanaosaidia kusoma mwenye kituo anapokuwa safarini, yaani mke, mume, mtoto au mlinzi, watajwe kwa majina hadharani ikiwa wameridhia.

Waliofariki katika mwaka wakumbukwe kwa kusoma ukurasa mmoja wa daftari lao, na familia ipewe nakala iliyojaladiwa ya vipimo vyote. Kisha familia iulizwe, kwa upole na wakati unaofaa, kama yupo nyumbani atakayependa kuendelea kupima mahali palepale, kwa sababu kituo kinachoendelea bila kuhamishwa kina faida kubwa kuliko vipya viwili.

Hatua ya kumi: wiki mbili za baadaye

Mtunza rekodi arekebishe yale yaliyobainika katika kliniki ya vifaa, kisha atoe toleo la mwisho la jedwali likiwa na tarehe ya kutolewa. Nakala moja ikae kwenye barua pepe ya kundi, ya pili kwenye kompyuta ya mtu asiyekuwa mtunza rekodi, ya tatu ichapishwe na kupelekwa katika maktaba ya shule iliyowapokea, na ya nne itumwe kwa mtaalamu aliyekuja, pamoja na barua ya shukrani. Simu hupotea na namba hubadilishwa, kwa hiyo rekodi isiwe mikononi mwa mtu mmoja.

Mweka hazina atoe hesabu ya mapato na matumizi ndani ya wiki hizohizo, na salio litumike kuwanunulia vifaa wale ambao vyao vilionekana vibovu. Kanuni za tarehe, alama ya manyunyu na kistari cha siku isiyosomwa ziandikwe kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa juu ya maelezo ya kundi, ili kila anayejiunga azikute kabla ya kutuma kipimo chake cha kwanza.